Kidonda ni kama mugodi wenye maji

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea, hesabu kwanza kwa vidole. Katika jamaa lako, katika avenue yako ao katika kundi lako la kanisa, ni watu wangapi wanaotembea na kidonda kisichopona? Yule mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe mguuni. Yule mama mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye kidole chake cha mguu kilianza na kipele kidogo tu. Yule mtoto aliyemwagikiwa na maji ya bukari. Yule mzee aliyelala kitandani miezi mingi hata ngozi ya mgongo ikafunguka. Mimi nilipohesabu kwa avenue yangu peke yake, vidole vya mkono mmoja havikutosha.

Mimi si munganga. Kwa miaka 22 nilikuwa fundi wa pompi: kuondoa maji pale watu wanapochimba, ndiyo ilikuwa kazi yangu. Lakini nimejifunza kwamba kidonda kikubwa na mugodi wenye maji ni ndugu. Ndiyo sababu fundi kama mimi ninathubutu kuwaandikia juu ya mambo ya lopitali.

Kwanza niwaeleze jambo lililonifanya nifikiri. Miaka kadhaa iliyopita mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa anachimba pamoja na ba-creuseur wengine. Udongo ukaporomoka, jiwe likamkata mguu chini ya goti. Mfupa haukuvunjika, nasi tukashukuru. Lakini nyama iliondoka, likabaki shimo ambalo mkono wa mtoto ungeweza kuingia. Lopitalini walimsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakamfunga. Baada ya hapo ikawa lazima abadilishiwe kompresi kila siku ku dispanseri.

Kila siku, ndugu msomaji! Sikia vizuri hilo neno. Dispanseri iko kilometa nne. Mgonjwa hakuweza kukanyaga chini. Mama wa nyumba alikuwa anauza mboga sokoni, na bila soko hakuna franga ya kompresi. Basi nani alimpeleka? Binti yake mkubwa, mtoto wa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Asubuhi alimpandisha baba yake juu ya kinga, akaisukuma kwenda, akangojea zamu, akaisukuma kurudi. Wakati walipofika nyumbani wenzake walikuwa wanatoka kelasi. Siku moja nilimwuliza juu ya masomo, akanijibu: «Nkambo, mi nitasoma mwaka ingine. Baba apone kwanza.»

Kile kidonda kilikaa wazi miezi saba. Piga hesabu pamoja nami: ni kama mara 210 ya kufungua na kufunga. Mwezi wa tano walianza kusema juu ya kukata mguu. Mwipwa wangu alikataa, mke wake alilia, mimi nilinyamaza maana sikuwa na neno la kusema. Mwishoni nyama nyekundu ilipanda polepole, munganga akachukua ngozi ya paja akaipandikiza, mguu ukabaki. Leo anatembea, hata kama goti halikunjiki vizuri. Lakini mtihani wa TENAFEP wa mwaka ule, binti hakuufanya. Kidonda kilikuwa mguuni mwa baba, na mwaka uliopotea ulikuwa wa mtoto.

Sasa sikieni jambo la pili. Katika lopitali moja nilikuta mashini ndogo imefunikwa na kitambaa. Jicho la fundi halitulii, nikauliza. Munganga alinifunulia, akaniambia kwamba ni mashini ya kuvuta maji ya kidonda, ilitolewa zawadi na watu wa mbali. Nikamwuliza kama imekufa. Akajibu: «Hapana, Tata, ile mashini iko muzima. Kyenye inakosa ni bile bipande bya kubadirisha. Bilishaka kuisha, na kuleta bingine ni bei nguvu.» Yaani sponji yake, plastiki yake, mirija yake na chupa yake vilikwisha, na mashini nzima ikawa pambo. Pompi bila joint na bila mabomba ni chuma tu, hilo mimi ninalijua sana.

Tangu siku ile nilianza kuuliza waganga na kusoma: ile mashini inafanya nini, na kwa nini haiwezi kuwa ya bei ndogo? Haya ndiyo niliyojifunza.

Kidonda kikubwa kinatoa maji. Kama maji yale yanabaki ndani, nyama ya kando inavimba, damu haipiti vizuri, na vijidudu vinapata mahali pa kuzaana. Ninyi wa Kipushi mnaelewa bila kuelezwa. Kazi ya kuchimba kule ilisimama mwaka 1993, lakini pompi ziliendelea, kwani maji ya chini hayajui kama watu wamesimamisha kazi. Mwaka 2011 pompi kubwa ya chini ilipoharibika, maji yakapanda na kufunika sehemu za chini za mugodi. Ilikuwa lazima kuyatoa kwanza, miaka na miaka, kabla ya kufikiri tena juu ya madini. Kidonda ni vilevile: toa maji kwanza, ndipo mwili utapata nafasi ya kujenga.

Njia yenyewe ni hii. Munganga anasafisha kidonda na kuondoa nyama yote iliyokufa. Anaweka sponji safi ya lopitali ndani ya shimo. Juu anafunika na plastiki nyembamba inayoshika ngozi pande zote, kisha anatia mrija mdogo unaokwenda kwenye pompi. Pompi inavuta hewa, sponji inajikunja, midomo ya kidonda inakaribiana, maji yanatoka, na damu mpya inaletwa. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: kompresi ya namna hii inaweza kukaa siku mbili ao tatu bila kufunguliwa. Zile mara 210 zingeweza kuwa kama 70. Asubuhi 140 zingerudi kwa shule.

Waganga wa Ujerumani waliandika juu ya njia hiyo mwaka 1993. Mwaka 1997 huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, Louis Argenta na Michael Morykwas walitangaza kazi yao juu ya wanyama na juu ya wagonjwa, na nguvu ya kuvuta waliyoichagua ilikuwa milimita 125 za zebaki. Vijana, msiogope hesabu hiyo. Niliigeuza kwa lugha ya mafundi: ni nguvu ya kuinua maji kwa mrija hata kimo cha metre moja na sentimetre sabini, karibu kimo cha mtu mzima. Ni hiyo tu! Pompi ya mkono ya kisima inafanya zaidi. Basi nikajiuliza: kama nguvu inayotakiwa ni ndogo namna hii, juu ya nini mashini ina moteri, ina batri, na kuikodi kule Marekani kulikuwa karibu dola 100 kwa siku moja?

Jibu lilitoka kwa binti mmoja mwanafunzi. Jina lake Danielle Zurovcik, alikuwa anasoma ufundi wa mashini katika chuo cha MIT huko Marekani. Naye aliuliza swali lilelile, akapima, akakuta kwamba kinachokula nguvu si kidonda. Ni hewa inayoingia kwa kujificha, pale plastiki inapokutana na ngozi. Sisi mafundi tunaita jambo hilo fuite. Ngozi ina manyweleo, ina jasho, ina mikunjo, plastiki haishiki vizuri, hewa inaingia, basi moteri inalazimishwa kuzunguka usiku na mchana ili kuvuta hewa ambayo isingalipaswa kuwa mule. Ukifunga fuite, hauhitaji moteri tena. Unahitaji kitu cha plastiki chenye mikunjo kama kinanda cha akordeoni: unakikandamiza kwa mkono, unakifunga kwa mrija, nacho kikijaribu kurudi kwa umbo lake kinavuta polepole kwa masaa mengi. Hakuna kuran, hakuna batri. Kilikuwa na uzito chini ya robo ya kilo, na bei yake ilihesabiwa kuwa kama dola 3.

Mnakumbuka tetemeko kubwa la Haiti, tarehe 12 Januari 2010. Watu wengi sana walipondwa na kuta za nyumba, vidonda vilikuwa vingi kuliko mikono ya kuvifunga, na kuran haikuwepo. Robert Riviello, munganga mpasuaji wa Boston, alimwita yule binti kuja na vyombo vyake. Walivitumia kule Haiti juu ya wagonjwa wenye vidonda, na wakapanga pia kuendelea na majaribio Rwanda, jirani yetu. Sikuambii kwamba dola 3 ziliponya dunia. Kutoka chombo cha kwanza hata kiwanda, hata ruhusa ya serikali, hata dispanseri ya kijiji, ni safari ndefu, na vyombo vingi vizuri vinafia njiani. Lakini swali la binti yule limebaki, na linafaa kwa kila fundi: ni wapi hasa nguvu inapotea?

Usifikiri kwamba hekima hii ni ya wazungu peke yao, ao ya mashini peke yake. Mwaka 1962 huko Uingereza, George Winter alionyesha juu ya ngozi ya nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kidogo, ngozi yake mpya inafunika karibu mara mbili kwa upesi kuliko kidonda kilichoachwa kikauke kwa hewa. Wazee wengi wanasema bado: «Acha kidonda kipate upepo.» Tuwaheshimu wazee, lakini katika jambo hili upepo haukuwa rafiki. Kufunika vizuri na kwa usafi ni chombo cha kwanza, tena cha bei ndogo kuliko vyote.

Huko Mumbai, India, waganga waliona kwamba kompresi za kisasa kwa watu walioungua ni bei nguvu sana. Wakachukua majani ya ndizi, wakayapanga juu ya bandi, wakayasafisha kwa mvuke wa moto katika mashini ya lopitali, wakafunikia vidonda vya moto. Mwaka 2003 walitangaza matokeo: jani la ndizi ni laini, halinati kwa kidonda, na mgonjwa halii wakati wa kulibandua. Na Moses Murandu, mwuguzi mzaliwa wa Zimbabwe aliyefundisha Uingereza, alikumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akitia chumvi, ao sukari ikipatikana, katika vidonda vya watoto kijijini. Akalipeleka jambo hilo chuoni, akalipima juu ya wagonjwa, maana sukari inavuta maji na kuvinyima vijidudu nafasi ya kuzaana. Mwaka 2018 alipewa tuzo kwa kazi hiyo. Angalia tofauti: hawakusema tu kwamba wazee walifanyaka hivi. Walichukua jambo la nyumbani, wakalipima, wakaandika waliyoyaona.

Tena kulikuwa na fundi wa India jina lake Ram Chandra Sharma. Hakusoma sana. Mikono yake ndiyo ilikuwa diploma. Pamoja na munganga P. K. Sethi, katika mji wa Jaipur, alitengeneza mguu wa kuvaa kwa watu waliokatwa, wa mpira na mbao, ambao mtu anaweza kuuvaa bila kiatu, kuchuchumaa nao na kulima nao shambani. Kwa nini ninamtaja? Kwa sababu munganga peke yake alijua mwili, na fundi peke yake alijua mpira. Mguu ule ulizaliwa pale walipoketi meza moja.

Ndugu zangu vijana, miji yetu ya machimbo imejaa mafundi. Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kambove: kila mahali kuna mtu anayejua kusoma chuma, anayejua kwamba pompi ikikosa nguvu ni lazima utafute fuite kabla ya kulaumu moteri. Na kila mahali kuna dispanseri yenye mwuguzi anayefua bandi na kuzianika kamba nzima. Hao wawili wanakutana wapi? Mara nyingi wanakutana siku fundi anapoletwa na kidonda. Si mapema.

Kama unataka kuwa mmoja wa hao watakaotengeneza chombo cha kusaidia, usianze na chuma. Anza na maswali. Mimi ninayo matano, nayo nimeyapima kwa ile mashini iliyofunikwa na kitambaa.

La kwanza: kitu gani kitaisha kwanza? Kama kuna sponji ao chupa ya kubadilisha, itatoka wapi mwezi wa tatu, na kwa franga ya nani? Bei ya chombo si bei ya siku ya kununua. Ni bei ya miezi yote ya kidonda.

La pili: kuran ikikatika usiku, inakuwa namna gani? Hili ni neno zito, maana sponji iliyofungwa chini ya plastiki bila kuvutwa inageuka kuwa dimbwi la maji machafu juu ya kidonda. Chombo kisichoonyesha kwamba kimesimama kinaweza kudhuru kuliko kompresi ya kawaida.

La tatu: kinasafishwa na nini? Kama dispanseri ina sufuria ya kuchemsha na sabuni tu, chombo kinachoharibika kwa maji ya moto si chombo cha pale.

La nne: nani atakitumia? Munganga yuko mmoja kwa wagonjwa wengi. Kama mwuguzi, ao mama wa mgonjwa, hawezi kuona kwa jicho lake kwamba chombo kinafanya kazi ao kimesimama, kitaachwa.

La tano, na kwangu ndilo kubwa: kinamrudishia nani muda wake? Watu wa mbali wanahesabu dola. Sisi tuhesabu pia kilometa, asubuhi za soko na siku za kelasi. Kompresi ya bei ya juu kidogo inayokaa siku tatu inaweza kuwa nafuu kuliko ya bure inayotaka mtoto asukume kinga kila siku.

Sasa neno la kuonya, maana ninajua akili ya vijana wetu inawaka upesi. Usijaribu kuvuta kidonda cha mtu nyumbani kwa pompi ya kinga, kwa seringi kubwa, wala kwa pembe ile wazee wanayotumia kuvuta damu. Kuvuta kidonda chenye nyama iliyokufa ndani ni kufungia uozo. Pale mshipa mkubwa wa damu uko wazi, kuvuta kunaweza kumaliza mtu kwa dakika chache. Kidonda chenye kansa ao mfupa wenye usaha ambao haujatibiwa, hakivutwi. Ni munganga anayeamua, na chombo kipya kinajaribiwa kwanza juu ya maji na plastiki, kisha mbele ya waganga na kwa ruhusa, si juu ya jirani anayeteseka.

Na kwa ninyi wazazi mtakaosoma haya leo jioni, yale yasiyongoja chombo chochote ni haya. Jeraha jipya lioshwe upesi kwa maji mengi safi ya kunywa. Kama ni ya kisima, yachemshwe yapoe. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachilia mpaka mfike. Usitie majivu, usitie mafuta ya moteri, usitie dawa ya mswaki. Uliza juu ya sindano ya pepopunda, hata kama jeraha ni dogo, maana msumari mmoja wa kutu unatosha. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie nyayo zake kila jioni, ao mtoto amwangalilie, maana mguu wake unaweza kukatwa bila kusikia maumivu. Kidonda chenye harufu, chenye joto kando yake, ao kisichopungua baada ya majuma mawili, kipelekwe kwa munganga.

Kisha, wewe kijana fundi, juma hili pita ku dispanseri ya mtaa wako wakati mwuguzi amepumzika. Usiende na wazo. Nenda na daftari. Mwulize vitu viwili tu: ni kitu gani kinaishaka kwanza hapa kwenu, na ni mgonjwa gani anayetoka mbali zaidi kila siku. Andika jibu lake, rudi ku atelier yako, liweke pale unapoliona ukifanya kazi.